Wako Wapi Leo? Kikundi Kipime Mafunzo ya Kazi ya Serikali



Somo la safari hii linahusu jambo lililogusa karibu kila boma: mafunzo ya kazi ambayo serikali huwapa vijana wetu. Kila baada ya miaka michache tunasikia barazani kuna mpango mpya. Fomu zinajazwa, nakala za vitambulisho zinatolewa, vijana wanaitwa. Halafu je? Nani hurudi kuangalia kama kazi ilipatikana?

Wengi hudhani kupima mipango ya serikali ni kazi ya wataalamu wenye magari na kompyuta. Sisi tunasema hapana. Kikundi chenye daftari moja na watu wanaojuana kinaweza kupima, tena pengine vizuri kuliko mgeni, kwa sababu nyinyi mnajua kijana yupi anategemea sahani ya mamake na yupi ameanza kujenga.

Lengo la somo: Mwisho wa somo hili kikundi kiweze (a) kutofautisha mafunzo yaliyofanyika na mafunzo yaliyosaidia, (b) kuwafuatilia vijana wake kwa hatua sita rahisi, (c) kupeleka matokeo mahali panapotakiwa, kwa adabu na kwa haki.

Vifaa: Daftari moja, kalamu, na karatasi kubwa ya kubandika ukutani. Muda: mikutano miwili.

HADITHI YA KUANZIA: SWALI LA DANI

Miaka kadhaa iliyopita ofisi yetu iliwasaidia vijana 24 wa vikundi vya kisiwani kuingia katika mafunzo ya ufundi yaliyolipiwa na serikali. Wasichana karibu wote waliwekwa kwenye ushonaji na ususi wa nywele. Wavulana waliwekwa kwenye useremala, uashi na umakanika. Siku ya kutoa vyeti ilikuwa kubwa. Kulikuwa na hema, soda na hotuba, na mgeni wa heshima alichelewa kama kawaida. Sisi wenyewe tulipiga picha, kisha tukaandika ripoti: "Vijana 24 waliandikishwa, 21 wamehitimu. Mradi umefaulu." Tukalala usingizi mtamu.

Kama mwaka mmoja hivi baadaye tulikitembelea kikundi kimoja cha kina mama wanaokausha na kuuza omena. Tulipoanza kuyasifu mafunzo yale, mama mmoja mzee, ambaye sote tunamwita Dani, aliinua mkono akasema, "Nyathina, hao ishirini na mmoja wako wapi leo?"

Tulinyamaza. Kusema kweli hatukujua.

Dani akaendelea. Karo ililipwa na serikali, ndiyo. Lakini nauli, chakula, sare na vitambaa vya mazoezi alilipa yeye. Aliuza mbuzi watatu ili mjukuu wake amalize ushonaji. Msichana alirudi na cheti, bila cherehani. Siku ile tulipokuwa tukizungumza, alikuwa pale pale ufuoni akianika omena pamoja na nyanya yake, na cheti kiko ndani ya sanduku. "Sasa mimi nimebaki bila mbuzi, na yeye amebaki bila kazi," Dani alisema. "Na nyinyi mmeandika kwamba tumefaulu."

Maneno hayo yalituchoma. Ripoti yetu haikuwa na uongo. Vyeti 21 vilitolewa kweli. Lakini tulijibu swali ambalo hakuna mzazi aliyeliuliza. Basi tukakubaliana na kikundi tutembee boma kwa boma, tuandike kila kijana yuko wapi na anafanya nini. Somo hili limetoka katika matembezi hayo, pamoja na yale waliyoyaona wengine hapa Kenya na Uganda.

(Mwelekezi: simama hapa. Uliza: Je, sisi tunaye kijana ambaye cheti chake kiko sandukuni? Wape watu nafasi waseme. Usiwaharakishe.)

MAFUNZO HAYA YALITOKA WAPI?

Tupitie historia kwa ufupi. Mwaka 1964 serikali mpya ya Kenya ilianzisha Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS. Mwaka 1966 makanisa, kupitia baraza lao la taifa, yalitoa ripoti iliyouliza: baada ya shule, nini? Wakati huo watoto wengi walikuwa wakimaliza shule ya msingi na kukaa tu. Kutokana na wazo hilo zikazaliwa politekniki za vijijini. Nia ilikuwa wazi: kijana afundishwe ufundi unaotakiwa karibu na kwao, kwa gharama ndogo, ili aweze kujitegemea bila kukimbilia mjini.

Baadaye serikali ilizichukua politekniki hizo, na leo tunaziita vituo vya mafunzo ya ufundi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka politekniki za vijiji mikononi mwa serikali za kaunti. Maana yake ni kwamba kituo cha hapa kwetu kinasimamiwa na Kaunti ya Homa Bay, si Nairobi. Kumbukeni jambo hili, tutalirudia.

Kando ya vituo hivyo kuna mipango ya serikali kuu. Mwaka 2010 ulianza mpango wa KYEP, uliowapeleka vijana wa Nairobi, Mombasa na Kisumu kujifunza kazi ndani ya karakana na makampuni. Kuanzia 2016 ukafuata KYEOP kwa vijana wa miaka 18 hadi 29 waliokuwa bila kazi. Huo ulitoa mafunzo, nafasi ya kujifunza kwa fundi, na kwa wengine ruzuku ya biashara. Halafu ukaja NYOTA, ambao mwaka 2025 ulitangaza ruzuku ya Sh 50,000 kwa kijana, vijana 70 kutoka kila wadi.

Mipango hii mitatu imetegemea fedha za mkopo kutoka Benki ya Dunia. Mkopo hulipwa kwa kodi, pamoja na ile tunayokatwa tukinunua sukari na sabuni pale Mbita. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Mbona unauliza maswali? Shukuru umepewa," mjibu kwa upole kwamba hujapewa, umenunua. Na mnunuzi ana haki ya kukagua.

NJIA NNE ZA KUJIDANGANYA

Kabla ya kupima, tujue makosa. Sisi wenyewe tuliyafanya yote manne.

Kosa la kwanza: kuhesabu vichwa. "Tumefundisha vijana mia tano." Sawa, lakini hiyo ni sawa na mvuvi kujisifu ametupa nyavu mara kumi. Sisi tunataka kujua samaki.

Kosa la pili: kuhesabu vyeti. Cheti ni kitu kizuri, na tutaona baadaye kwamba kina kazi yake. Lakini cheti ni mlango tu. Kuna vijana waliofika mlangoni wakakuta ndani hakuna kitu.

Kosa la tatu: kuwauliza wale wanaoonekana tu. Mpango ukitaka kujisifu humleta kijana mmoja aliyefanikiwa, anasimama mbele na kutoa ushuhuda. Hatusemi anadanganya. Lakini wale walioacha katikati hawaitwi kusimama. Msichana aliyepata mimba akaacha, kijana aliyekosa nauli, yule aliyekwenda kuvua kwa sababu nyumbani hakuna unga, wote hao ni sehemu ya hesabu.

Kosa la nne ndilo kubwa, na ndilo gumu kuliona: kusahau kuuliza, "Bila mafunzo ingekuwaje?" Tuchukue mfano. Kijana anatengeneza injini za boti baada ya mafunzo. Tunasema mafunzo yamemsaidia. Kumbe tangu utotoni alikuwa akimshikia mjomba wake spana. Hata asingekwenda chuoni angekuwa fundi tu. Hapo mafunzo yameongeza nini? Labda kidogo, labda hakuna. Ili tujue, lazima tumtazame kijana mwingine wa hali kama yake ambaye hakwenda. Tukiwaweka wawili hao kando kando, tofauti kati yao ndiyo kazi ya mafunzo.

WENGINE WALIONA NINI?

Tuwaangalie majirani, kwa maana mwenye kuuliza hapotei njia.

Magharibi mwa Kenya, upande wa Busia, mwaka 2008 watafiti waliandikisha vijana zaidi ya 2,000 waliotaka kusoma ufundi. Karibu nusu yao, kwa kupiga kura, walipewa hati za kulipiwa karo. Wengine hawakupewa. Kwa kuwa ilikuwa kura, makundi yote mawili yalifanana mwanzoni, na hapakuwa na mtoto wa mkubwa aliyepitishwa mlango wa nyuma. Matokeo yalikuwaje? Waliopewa hati walijiunga na vyuo kwa wingi, lakini wengine waliacha kabla ya kumaliza. Miaka kadhaa baadaye, kwa jumla, mapato yao hayakuwa yamepanda sana kuliko ya wenzao. Tusiseme kwamba kusoma ufundi ni bure. Tuseme kwamba karo peke yake haitoshi.

Kulikuwa na mambo mengine mawili ya kujifunza pale. Vijana walioruhusiwa kuchagua chuo chochote, cha serikali au cha binafsi, walijiunga na kudumu zaidi kuliko waliofungwa kwenye chuo cha serikali tu. Na wasichana walioelezwa wazi kwamba kazi kama umakanika na umeme hulipa kuliko ushonaji na ususi, walianza kuzitaka hizo kazi za "wanaume" zaidi kuliko wasichana ambao hawakuelezwa. Tafakarini, enyi wazazi: ni nani aliyewaambia binti zenu kuna kazi mbili tu duniani?

Tuvuke mpaka. Kaskazini mwa Uganda, baada ya vita, serikali ilikuwa na mpango wa fursa kwa vijana. Haukuwalipia karo moja kwa moja. Vijana walijiunga katika vikundi, wakaandika mpango wa kujifunza ufundi na kununua vifaa, na mwaka 2008 vikundi vilivyobahatika vikapewa pesa mkononi. Kwa wastani ilikuwa karibu dola 400 za Marekani kwa mtu. Sehemu kubwa ya pesa walinunulia vifaa, na sehemu ndogo walilipia mafunzo. Baada ya miaka minne, waliopewa walikuwa na mapato makubwa kuliko wasiopewa kwa asilimia 38. Hapo ungesema kazi imekwisha, tusherehekee. Lakini watafiti walirudi baada ya miaka tisa. Wale wasiopewa walikuwa wamejikokota na kuwafikia wenzao kwa mapato, ingawa waliopewa bado walikuwa na mali zaidi. Yaani msaada uliwaanzisha mapema, haukuwaweka juu milele. Kama wangepima mara moja tu wangejua nusu ya habari.

Tena hapo hapo Uganda, shirika la BRAC lilijaribu njia mbili. Vijana wengine walipelekwa chuo cha ufundi kwa miezi sita wakapata cheti. Wengine walipelekwa moja kwa moja kwa mwenye karakana wajifunze kazini. Mwanzoni wale wa karakana walipata kazi upesi. Lakini kadiri miaka ilivyopita wale wa chuo waliwapita, kwa sababu walipoachishwa kazi hapa, waliweza kumwonyesha tajiri mwingine cheti chao. Yule wa karakana alijulikana na tajiri mmoja tu.

Basi cheti kina kazi yake! Ila kiwe cheti cha ujuzi wa kweli, kinachotambuliwa. Na tusisahau kwamba fundi aliyejifunza kwa baba yake, bila kukaa darasani, anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa serikali unaosimamiwa na NITA, kuanzia daraja la tatu kwenda juu. Hapa kisiwani tunao mafundi wa mashua wenye mikono ya dhahabu ambao hawana karatasi hata moja.

HATUA SITA ZA KUPIMA

Hatua ya 1: Andikeni majina yote. Chukueni mpango mmoja tu, wa mwaka mmoja tu. Andikeni kila kijana wa eneo lenu aliyeanza, si aliyemaliza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na vijana ni mali kuliko mali zote. Chagueni watu watatu wa kutunza daftari: mama, mzee na kijana. Daftari hilo lisisomwe hadharani. Kuna mambo ya aibu ya watu humo, na kijana akijua atatangazwa hatasema kweli.

Hatua ya 2: Tafuteni wenzao. Kwa kila kijana aliyekwenda, tafuteni mmoja wa umri huo na elimu hiyo ambaye hakwenda. Bora zaidi ni yule aliyejaza fomu akakosa nafasi, kwa sababu naye alikuwa na hamu ile ile. Msimlinganishe mtoto wa mwalimu na yatima. Hiyo si haki, na hesabu itawadanganya.

Hatua ya 3: Waulizeni wote maswali yale yale. Sisi tulitumia matano: Wiki iliyopita ulifanya kazi gani? Kazi hiyo ndiyo uliyofundishwa? Ulipata shilingi ngapi, mbaya na nzuri? Unavyo vifaa vyako mwenyewe? Ni nani aliyekusaidia kuanza? Ulizeni mara mbili, wakati ufuo una pesa na wakati wa kufungwa kwa uvuvi wa omena. Hapa kwetu ufuo ukikauka, fundi cherehani naye anakauka. Ukipima msimu mmoja tu, utaandika njaa ya wote au shibe ya wote.

Hatua ya 4: Hesabuni gharama yote. Si karo tu. Wekeni nauli, chakula, sare, vifaa, na zile siku ambazo kijana angekuwa akifanya kibarua. Mbuzi wa Dani lazima waingie kitabuni.

Tufanye hesabu ya kufikirika. Vijana 20 walianza, na kila mmoja alitumiwa Sh 15,000. Jumla ni Sh 300,000. Baada ya mwaka, 6 wanafanya kazi waliyofundishwa. Lakini kati ya wenzao 20 ambao hawakwenda, 2 wamejifunza kazi hiyo hiyo kwa mafundi wa mtaani na wanaifanya. Basi mafunzo yameongeza mafundi 4, si 20 wala 6. Gawanyeni 300,000 kwa 4. Kila fundi aliyeongezeka amegharimu Sh 75,000. Je, hiyo ni nyingi au ni kidogo? Msiharakishe kujibu. Kama fundi huyo atalisha nyumba kwa miaka ishirini, huenda ni kidogo. La maana ni kwamba sasa mnajua bei halisi.

Hatua ya 5: Tazameni kama kazi imeongezeka au imehama tu. Kisiwa chetu ni kidogo. Kukiwa na washonaji watano na sokoni wateja wa washonaji watano, ukiongeza washonaji kumi hujaongeza kazi. Umewagawia watu kumi na watano mkate wa watu watano. Kwa hiyo nendeni mkawaulize pia mafundi wa zamani: "Tangu vijana hawa waanze, wewe umepata zaidi au umepungukiwa?"

Hatua ya 6: Tazameni kazi iliyopo ambayo haifundishwi. Zungukeni ufuo na soko kwa siku moja na kuhesabu. Mashua zenye injini ni ngapi, na zikiharibika zinapelekwa wapi? Zamani omena walivuliwa kwa karabai. Leo taa nyingi ni za betri na nguvu za jua: nani anazitengeneza? Vizimba vya kufugia samaki ziwani vinaongezeka: nani anashona nyavu zake, nani anaunganisha vyuma vyake? Kila pesa inayovuka daraja kumfuata fundi wa mbali ni darasa ambalo halijafunguliwa hapa kwetu.

MAJIBU TUYAPELEKE WAPI?

Kupima bila kusema ni kama kupika na kuficha chungu. Lakini tuseme mahali panapofaa.

Kwanza, kwa vijana wenyewe na wazazi wao. Wao ndio wenye habari hii. Wasomewe jumla bila majina.

Pili, kwa msimamizi wa kituo cha ufundi. Mara nyingi huyu si adui. Mwalimu wa ufundi naye anahangaika na cherehani mbovu na bajeti isiyofika. Mkienda kwake kwa heshima, daftari lenu linaweza kuwa silaha yake anapoomba vifaa.

Tatu, kwa kaunti. Tulisema politekniki za vijiji ni kazi ya kaunti. Basi jueni kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mikakati ya fedha hupelekwa kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Sheria inataka wananchi washirikishwe. Mkifika Juni na malalamiko, mtaambiwa mlichelewa, na itakuwa kweli. Mwendeeni mwakilishi wa wadi mapema mkiwa na ukurasa mmoja tu: walioanza, waliomaliza, wanaofanya kazi, gharama, na ombi moja. Ombi moja, si kumi.

Nne, mkinyimwa habari. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inamtaka afisa ajibu ombi lenu ndani ya siku 21. Andikeni barua, mbaki na nakala, nayo nakala hiyo igongwe muhuri siku mnayoipeleka. Mnaweza kuuliza: Vijana wangapi wa wadi yetu walichaguliwa? Kwa njia gani? Fedha ngapi zilitengwa, na zilinunua nini?

Angalizo moja. Kupima si kutafuta mtu wa kusulubisha. Kikundi kikianza na hasira, watu watafunga midomo. Na mkikuta mafunzo yamesaidia, semeni hivyo kwa sauti ile ile.

MWISHO WA HADITHI

Tulipomaliza matembezi yetu, vijana waliokuwa wakifanya kazi waliyofundishwa walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wawili kati yao walikuwa wameijua kazi hiyo nyumbani kabla ya kwenda. Wengine walikuwa Kisumu na Nairobi wakifanya vibarua visivyohusiana na ufundi wao. Wengine walikuwa majini, wengine ufuoni. Karibu wote walipoulizwa kilichowazuia walitaja neno moja: vifaa. Hakuna aliyesema hakufundishwa vizuri. Seremala hana randa, mshonaji hana cherehani, muashi hana pima-maji. Tulikuwa tumewafundisha kuogelea, tukawaacha mbali na ziwa.

Tulirudi tukaandika ripoti ya pili, na haikuwa rahisi kuitia sahihi. Kikundi nacho kiliandika ukurasa wake mmoja kikaupeleka wadini. Majibu yalichukua muda, na yaliyokuja hayakutosheleza. Lakini kina mama hawakungoja. Walitoa akiba yao wakanunua cherehani moja, wakaiweka kwenye kibanda chao, na wasichana watatu wanaitumia kwa zamu. Mjukuu wa Dani ni mmoja wao. Wanashona sare za shule, na sehemu ndogo ya malipo inarudi kwenye akiba mpaka cherehani ya pili inunuliwe. Siku za ufuo kuwa na omena wengi bado anaanika na nyanya yake. Hajatajirika. Ila cheti kimetoka sandukuni.

Na kikundi kimeweka sharti jipya. Kijana yeyote akitaka mchango wao wa nauli ya chuo, kwanza anaulizwa mambo matatu: Utafanyia kazi hiyo wapi? Vifaa vitatoka wapi? Ni nani leo anayelipia kazi hiyo hapa kisiwani? Akishindwa kujibu, hafukuzwi. Anapewa mwezi mmoja azunguke, aulize, kisha arudi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni mipango gani ya mafunzo imefika kwetu katika miaka mitano iliyopita? Nani alichaguliwa, na alichaguliwa vipi?
2. Sisi wenyewe tumewahi kusema "tumefaulu" bila kujua waliko vijana? Lini?
3. Binti zetu huchagua ufundi wenyewe au huchaguliwa? Kazi gani hatujawahi kuwaeleza?
4. Kama kikundi kingekuwa na Sh 15,000 za kumsaidia kijana mmoja, ni bora zilipe karo, zinunue vifaa, au zimpeleke kwa fundi? Toeni sababu.
5. Ni fundi gani mzee kati yetu anayestahili kufanya mtihani wa serikali akapata cheti chake?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Chagueni watunza daftari watatu. Waandike majina ya vijana kumi walioanza mafunzo na kumi wenzao ambao hawakwenda. Waulize yale maswali matano. Mje nayo. Tukikutana tutafanya hesabu pamoja, kila kikundi na yake, halafu tutaona ni ombi gani moja la kupeleka kaunti kabla ya Septemba.